Namna ya Kumwangusha Frigo

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya televisheni ya zamani, zile zenye mgongo mrefu, ninyi wa rika langu mnaijua. Watoto wa leo hawaijui, televisheni zao nyembamba kama sinia na hazinuki kitu. Juzi tulikuwa Kagugu, hapa Kigali, nyumbani kwa mama, tunapanga vitu vya marehemu baba yangu wa kambo. Mama akasema tuijaribu ile televisheni ya stoo kabla hatujaigawa. Nikachomeka waya. Ikatoa mlio mwembamba kama mbu, halafu ile harufu ikaja, vumbi na moto na risasi ya kulehemu. Na mimi mtu mzima, mwanamke ninayeshona vitambaa vya makochi pale Agakiriro kwenye karakana za samani, ambaye vijana wa maseremala wananiita mukecuru, yaani kikongwe, kwa sababu ya magoti yangu, nikajikuta nimekaa sakafuni, nimekunja miguu, mikono mbele, vidole gumba vinatafuta batani ambazo hazipo.

Niwaambie mapema, shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitegemee niende mstari ulionyooka. Hata kitambaa nakata kwa jicho. Lakini nitafika.

Mimi nilizaliwa Ujiji. Mama ni wa hapa Kigali, aliolewa kule na mfanyabiashara wa vitenge. Baba alipokufa na eda ya mama ikaisha, tukapanda gari na cherehani yetu imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa, tukaja Gisozi kwa bibi. Miaka ile mji ulikuwa na watu wanaotazamana. Mtu anakusalimia vizuri, unamwitikia vizuri, mkishapishana kila mmoja anageuka kuona mwenzake anaelekea wapi. Sitasema zaidi ya hapo, mliokuwepo mnajua. Ninachosema ni kwamba mtoto akikulia mahali kama pale anajifunza kutilia shaka kabla hajajifunza njia ya dukani.

Kitu cha kwanza nilichokitilia shaka Kigali kilikuwa vinywaji. Jirani alinikaribisha, akanimiminia juisi ya matunda, rangi nzuri ya machungwa, nikanyoosha mkono. Yeye akainyanyua akainywa! Fundo moja, mbele ya macho yangu, halafu ndiyo akanipa. Nikalia. Kwetu Ujiji mtu mzima akinywa kwenye kikombe cha mtoto ni mlafi, tena mlafi wa kusemwa. Bibi akanifinya. "Ndiyo adabu," akasema, basi. Hawakunieleza kwa sababu wao waliliona jambo la kawaida, kama kuvua viatu mlangoni.

Aliyenieleza ni Shabani, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa amenizidi umri kidogo na maneno sana. Shabani hakuwahi kushindwa kujibu swali, hata lile asilolijua.

"Wanaonja kuondoa sumu," akasema. "Mwenye nyumba anakunywa kwanza. Ukiona hajafa, na wewe unakunywa."

"Na asipoonja?"

Shabani akanitazama kama ananihurumia. "Asipoonja, basi iko sumu. Wewe huko kwenu mnaishi vipi?"

Mimi tangu siku ile nikawa naangalia midomo ya watu. Mgeni akija kwa bibi, mama anachemsha chai ya tangawizi, anainywa kidogo kwenye ukingo, anafuta kwa kidole gumba, anampa mgeni. Kwangu hakuonja, mimi mtoto wa nyumbani. Nikajiambia labda hata mimi ningeonjewa tu, ni salama zaidi.

Sasa tuje kwa Frigo.

Pale chini ya kilima, karibu na mafundi wa milango ya chuma, palikuwa na fundi wa televisheni jina lake Haruna. Mwislamu wa hapahapa, mrefu, mashavu yamebonyea, kidole kimoja kimeungua na lehemu hadi kucha haikuota sawa. Alikuwa na chumba kimoja cha kutengenezea, na pembeni ameweka televisheni na mashine ya geemu, watoto wanacheza mieleka. Mama alimshonea pazia la kijani la kuzuia jua lisipige kwenye vioo, nikatumwa kulipeleka. Nikaingia na pazia, sikutoka tena. Yaani nilitoka, lakini mnanielewa.

Mle ndani giza, joto, jasho la watoto, na kwenye kioo wanaume wenye vichupi wanatupana kama magunia ya mkaa. Mimi msichana peke yangu. Utaratibu ulikuwa kwamba ukishinda unabaki, ukipigwa unasimama, na ukitaka tena unatoa sarafu. Kwa hiyo chumba kile kilishiba kwa kupigwa kwetu, na hilo nililiona mapema.

Na wote tulipigwa na Frigo. Jina lake halisi liliandikwa pale kwenye kioo ila wa kulisoma hakuwepo. Sisi tulimwita Frigo kwa sababu alikuwa mkubwa, mweupe, wa pembe nne, na ukimpiga ngumi anasimama vilevile kama jokofu. Alivaa kinyago kisicho na mdomo. Ukiwapiga wengine wote, mashine inakuletea yeye mwishoni, na hapo unaenda nyumbani. Shabani alikuwa anapiga kelele kabla hata ya kuanguka. "Oya, oya, oya, ameniibia!" Frigo hakuiba kitu.

Haruna alikuwa na tabia moja. Kabla hajakupa maneti, ile ya kushika mkononi yenye batani, anaishika yeye kwanza. Anabonyeza zote, anamrusha adui mmoja chini, halafu anakupa na kusema, "Haya, iko salama." Watoto wa Kigali hawakujali. Mimi nikajiuliza, huyu naye anaonja! Anaonja nini kwenye plastiki? Nikamuuliza Shabani, na Shabani kama kawaida alikuwa na jibu.

"Anaacha kitu. Jasho lake lina dawa. Kwani hujiulizi kwa nini hatumpigi Frigo?"

Nikaanza kuifuta maneti kwa sketi yangu kila nikipewa. Haruna aliona, akatabasamu kwa upande mmoja.

Kilichonitia shaka zaidi ni kwamba alianza kunifundisha. Amekaa kule nyuma, amefungua tumbo la televisheni ya mtu, moshi wa lehemu unapanda, hata hatazami kioo chetu, mara anasema, "Mtoto wa Ujiji, kila siku wewe unamshika wa kwanza. Usimshike wa kwanza. Yeye anangoja hilo. Ukimshika anakugeuza."

"Nisipomshika nitashindaje?"

"Mwache akushike yeye. Akinyoosha mikono, kifua kiko wazi."

Siku nyingine ananiambia nitazame paja. Frigo akijipiga paja, anakuja mbio, usikimbie, jongea tu pembeni, ataenda kujigonga kwenye nguzo ya kona. Kweli! Alijigonga, nikasikia watoto wote wameshusha pumzi. "Sasa miguu," Haruna akasema kutoka kwenye moshi. "Wacha kichwa, kichwa chake ni jiwe. Miguu. Mtu mkubwa bila miguu atakunyanyua na nini?" Halafu akanifundisha nisirudie pigo lilelile, kwa sababu mashine inazoea kama mke anavyozoea uongo wa mumewe, hayo ni maneno yake, mimi nilikuwa mtoto. Na ule mstari mwekundu wa hasira, unaojaa chini ya kioo, nisiumwage mara tu ukijaa, kwa kuwa Frigo akipigwa pigo kubwa la kwanza huwa anaamka. Na nikitaka kumlalia hadi refa ahesabu, kwanza nimburute katikati, mbali na kamba, maana akigusa kamba kwa kidole tu, kazi yote bure.

Nilimpiga Frigo. Shabani alinirusha juu, pazia likadondoka, jua likaingia hatukuona tena kitu. Nilipaswa kufurahi. Lakini nikakaa nyumbani nawaza, mtu anayekula kwa sisi kupigwa, kwa nini anifundishe mimi kushinda? Kwa nini asimfundishe Shabani?

Jibu nililiona kwenye waya. Waya wa maneti ulikuwa umekatika shingoni, na siku moja nikaukuta umefungwa kwa uzi. Uzi wa kijani, mzunguko juu ya mzunguko, umebana vizuri, mwishoni fundo dogo lililofichwa ndani. Fundo lile nalijua. Hata leo mimi nalifunga hivyohivyo. Lilikuwa fundo la mama.

Hapo ndipo vitu vikaanza kushikana. Haruna alianza kuja kwa bibi Jumamosi baada ya swala ya alasiri, eti pasi ya mama inapiga shoti. Jumamosi nyingine redio ya bibi. Nyumba ile ilikuwa na umeme wa taa tu na hivyo vitu viwili, lakini kila wiki kimoja kinaumwa. Anakaa barazani, bibi yupo na tasbihi yake, mama analeta chai, anaonja, anafuta, anampa. Wanaongea bei ya sukari. Mimi nimejibanza mlangoni nahesabu ni mara ngapi anamtazama mama na ni mara ngapi anaitazama redio.

Halafu nikamsikia mama akimwambia bibi jikoni, "Nimemwambia sina jibu. Mwanangu asipomkubali, mimi simpi jibu, hata miaka ipite."

Bibi akasema, "Na mtoto umemuuliza?"

"Mtoto haulizwi kitu kama hicho. Ataonyesha mwenyewe."

Kumbe. Kumbe masomo yote yale ya paja na miguu na kamba yalikuwa njia ya kuja kwetu. Nilihisi nimeonjewa maneti mwaka mzima. Baba yangu alikuwa na picha moja tu, ukutani kwa bibi, amesimama mbele ya vitenge, na mimi usiku ule niliiangalia nikajua ni mimi tu ninayelinda ile nafasi ukutani. Nikisema ndiyo, huyu anaingia. Nikisema hapana, haingii. Na sijaulizwa.

Kesho yake nikaenda kwa Haruna, chumba kimejaa. Nikasimama mbele ya kioo.

"Tucheze mimi na wewe," nikamwambia. "Nikikushinda, Jumamosi usije kwetu. Wala Jumamosi nyingine."

Watoto wote wakageuka. Shabani akasema, "Yewe!" halafu akaziba mdomo.

Haruna akaweka lehemu chini taratibu. "Na nikikushinda mimi?"

"Utakuja."

"Nakuja tayari."

"Utakuja na mimi sitanuna."

Akafikiri. "Hapo sawa. Ni kitu kikubwa hicho." Akachukua maneti yangu, ile yenye uzi wa kijani, akataka kuibonyeza kama kawaida.

"Usionje," nikasema.

Akanipa bila kuibonyeza. Naye akamchagua Frigo.

Nilikuwa na kila kitu kichwani. Nikangoja. Frigo akajipiga paja, nikajongea pembeni, lakini hakuja mbio! Alijipiga paja akabaki palepale. Mashine hudanganyika, Haruna alikuwa mtu. Nikarudi katikati, yeye yupo. Nikangoja, naye akangoja. Wanaume wawili wakubwa kwenye kioo wamesimama wanatazamana kama majirani wa Gisozi, na watazamaji wa mle ndani ya geemu wanapiga kelele, na watoto wetu nao wanapiga kelele, "Shikaneni basi!" Jasho likaniingia machoni. Nikawaza amelala? Nikawaza picha ya baba. Nikashindwa kuvumilia, nikamshika wa kwanza.

Akanigeuza. Mnajua mwisho. Alipiga miguu, hakurudia pigo, hakumwaga hasira mapema, akaniburuta katikati mbali na kamba, akanilalia. Nilimgeukia Haruna upesi nimwone usoni kama anacheka. Hakucheka. Uso ulikuwa umelowa jasho, ile kucha mbovu imegeuka nyeupe kwa kubonyeza. Hakuniachia hata kidogo.

Hilo lilinichanganya kuliko yote. Watu wazima humwachia mtoto ashinde. Anayemtaka mama yako ndiye angekuachia zaidi, akupake mafuta, si ndiyo? Sasa huyu kwa nini? Nikashuku hata kushindwa kwangu.

Jumamosi akaja. Hakuleta kisingizio chochote, pasi ilikuwa nzima na redio inaimba. Mimi sikununa, nilikuwa nimeahidi. Mama akanikalisha na Shabani kwenye mkeka, mbele kabisa. Mama akaleta chai, mvuke unapanda, tangawizi inanusika hadi barazani. Akainama, akaiweka mbele ya Haruna. Akakaa. Akaficha mikono ndani ya kanga.

Hakuonja.

Tasbihi ya bibi ikasimama. Haruna akaitazama chai, akamtazama mama, mama akatazama chini. Shabani akanipiga kiwiko, macho yametoka kama mayai. Hakuhitaji kusema. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajibu. Asipoonja, iko sumu. Mama naye alimshuku! Mama alikuwa amechoka na hizi Jumamosi, hataki kusema hapana kwa mdomo, ameamua kuisema kwa kikombe.

Nisiwafiche, kilipita kitambo kidogo ambacho niliona shida yangu inajimaliza yenyewe. Nikae tu. Baba abaki peke yake ukutani. Lakini Haruna akanyoosha mkono kuchukua kikombe, mikono wazi, kifua wazi, na mimi nikaiona ile kucha iliyoungua. Mtu aliyekataa kuniachia. Nikaruka. Nilikanyaga paja la Shabani, nikakinyakua kikombe kutoka vidoleni mwake nikanywa fundo kubwa la moto, ulimi ukaungua, machozi yakanitoka, nikasimama katikati ya baraza nimeshika kikombe nangoja kufa.

Sikufa. Jogoo wa jirani akawika bila sababu.

Halafu bibi akapiga kigelegele! Mwanamke wa umri ule, hana meno ya mbele. "Umwana yamwakiriye!" akapiga kelele hadi wapita njia wakasimama. Mtoto amempokea! Binti wa nyumba amemwonjea mgeni kwa mkono wake mwenyewe! Mama akajifunika kanga uso mzima, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Haruna akasimama, akakichukua kikombe mikononi mwangu kwa mikono miwili, akakigeuza hadi pale palipogusa midomo yangu, akanywa.

"Sasa mtakufa wote wawili," Shabani akasema.

Hivyo ndivyo nilivyompata baba wa kambo. Kabla mwezi haujaandama tena, shehe alikuja. Picha ya baba haikuondolewa ukutani. Haruna mwenyewe aliisogeza isipigwe na jua, akaniuliza hapo imekaa sawa, nikamwambia ishushe kidogo.

Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba watu wakishakuwa wa nyumba moja hawaonjeani. Mama hakuwa anampa sumu, alikuwa anampa jibu. Ndivyo walivyonieleza, na mimi nikakubali kwa miaka mingi. Ila kuna kitu hakikukaa. Mama alisema hatampa jibu kabla yangu. Na mama ni mtu wa neno lake. Sasa jibu lilitokaje kabla sijaonyesha kitu? Na kwa nini alinikalisha mkekani, mbele kabisa, mahali ninapofika kwa mruko mmoja? Nilimuuliza Haruna mara nyingi, hata alipokuwa kitandani Kagugu hawezi kugeuka. Alikuwa anasema tu, "Mimi kiu ilikuwa imenishika siku ile." Akatabasamu kwa upande mmoja, akalala.

Juzi, televisheni ikiwa inanguruma bila picha, nikaikuta maneti chini ya sanduku. Uzi wa kijani umefifia lakini fundo limeshika. Nikampelekea mama jikoni. Alikuwa anamimina chai.

"Mama, siku ile hukuonja makusudi."

"Siku ipi?"

"Unaijua."

Akaitazama maneti, akaipangusa vumbi kwa kanga, akaiweka karibu na birika.

"Ni yeye aliyekwambia?" nikauliza. "Kwamba usinishike wa kwanza, unikalie kimya mpaka nishike mimi?"

Mama sasa ni mzee, mikono inachelewa. Akamimina kikombe changu, polepole, hadi juu. Akakinyanyua. Na yeye ambaye tangu nizaliwe hajawahi kuonja chai yangu, akaweka mdomo kwenye ukingo, akanywa fundo moja, macho yake juu ya kikombe yananitazama. Akangoja kidogo. Akafuta ukingo kwa kidole gumba, akanipa.

"Haya," akasema. "Sijafa. Kunywa."